Niliuliza Tumbo, Nikamkosa Shangazi

Karatasi ya mirathi ilikuwa na majina manne. Ilitakiwa iwe na matano. Kosa lilikuwa langu, si la kadhi wala la sheha, na lilituletea miezi kumi na minne ya kutosemezana, mikarafuu 35 ya kurudishwa kutoka mikono ambayo ilishaanza kuizoea, na nauli za boti ambazo sikuzihesabu tena baada ya safari ya nne. Naandika kwa sababu familia nyingi za Pemba na Unguja zina shamba la babu ambalo mpaka leo halijagawiwa. Siku moja patatokea mtu kama mimi, mwenye daftari na simu, aambiwe: "Wewe umesoma, tuandikie nasaba yetu."

Nimezaliwa Wete, Pemba, nimekulia Unguja, nasomesha skuli. Babu yangu mzaa baba alifariki 1958, mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa kwanza. Ndivyo wazee wanavyoukumbuka mwaka huo. Aliacha shamba la mikarafuu 240, mikongwe na michanga, kaskazini ya Wete. Halikugawiwa. Kila msimu karafuu zilichumwa, zikachambuliwa makonyo, zikaanikwa jamvini, na pesa zikigawanywa kwa kuoneana haya. Wazee wetu waliweza hivyo kwa sababu walikuwa watatu na walikula sinia moja. Baba alipofariki 2011 na ami 2016, tukabaki wajukuu zaidi ya ishirini, wengine hatujuani sura. Mwaka 2021 watoto wa ami wakasema kila mtu ajue chake. Walikuwa na haki.

Nikapanda boti mpaka Mkoani, nikachukua gari hadi Wete, nikafikia kwa shangazi. Yeye ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa babu, na wakati ule alishapita miaka themanini. Nilimkuta anaanua nguo. Nikampa mkono, nikambusu, na kabla sijanywa hata maji nikatoa daftari. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mtu mzima haulizwi wafu wake na mtu ambaye bado ana vumbi la safari miguuni. Safari zilizofuata nilijifunza kukaa siku mbili bila kuuliza chochote, nikimsaidia kukuna nazi, na majina yalikuja yenyewe.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni ubao. Ni kizingiti cha juu cha mlango wa nyumba ya zamani ya ukoo, nyumba ambayo imeshaanguka. Umechongwa maua, na katikati pana maandishi ya Kiarabu: jina la aliyejenga, jina la baba yake, kisha mwaka. Jina la tatu limeliwa na mchwa. Nikaupiga picha, nikasoma tarakimu kwa kujiamini: 1290. Nikajumlisha 622, kwa kuwa Hijria ilianza mwaka 622, nikapata 1912. Nikawatangazia ndugu wote kuwa nyumba yetu ilijengwa 1912.

Shangazi akatikisa kichwa. "Mwanangu, nyumba ile bibi yangu alizaliwa ndani yake, naye alikuwa mtu mzima Waingereza walipoipiga Beit el Hukm."

Vita vile, Waingereza walipolipiga mizinga kasri la sultani Unguja, ni vya tarehe 27 Agosti 1896. Nilikuwa nimekosea mara mbili. Tarakimu ya mwisho haikuwa sifuri; ilikuwa tano. Katika tarakimu za Kiarabu tano ni kiduara, na sifuri ni nukta tu. Mwaka ni 1295. Kisha mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo huwezi kujumlisha 622 ukaishia hapo. Njia ya mkato niliyofundishwa ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 ndipo ujumlishe 622. Fanya hivyo kwa 1295 utapata 1878. Na 1878 inaafikiana na hadithi ya wazee, kwamba babu wa kwanza alivuka kutoka Unguja baada ya tufani. Tufani ile ilipiga Aprili 1872, ikang'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Watu wakaifuata karafuu iliko. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kuanza kuzaa, kwa hiyo mtu aliyepanda baada ya tufani angeweza kumlipa fundi wa kuchonga mlango mwaka 1878. Ukisoma tarakimu vibaya, shangazi mkweli anaonekana hajui anachosema.

Ule ubao ulimfurahisha sana mpwa wangu aliyeko Leicester. Kumbe alishanunua mtandaoni "nembo ya ukoo": ngao yenye simba, na jina lake la tatu chini yake. Alilipa paundi 60. Ilinibidi nimueleze kwa upole. Uingereza nembo za aina hiyo husimamiwa na College of Arms, taasisi iliyopo London tangu 1484, na nembo hupewa mtu kwa jina lake na kurithiwa na kizazi chake. Si mali ya kila anayeitwa jina fulani. Na kwetu jina la tatu si jina la ukoo. Ni jina la babu. Mpwa wangu na binamu yake wa upande wa mama, waliolala kitanda kimoja utoto wao wote, wana majina ya tatu mbalimbali. Sasa ngao ile ni ya nani?

Lakini hamu yake naielewa, na sikutaka kumvunja moyo. Alitaka kitu cha kutundika ukutani kinachosema sisi ni watu wa mahali fulani. Nikamwambia kwetu alama zipo. Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, aliyekuwa na kasri lake Dunga, alitambulikana kwa ngoma na siwa, ile pembe ya kitawala, asiyestahili hakuvigusa. Na kwa watu wa kawaida alama ni majina yenyewe, yakifuatana. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Kwenye mihrabu pana maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yanayomtaja Sheikh Abu Imran Musa bin Hassan bin Muhammad. Mwanafunzi mmoja akatoa kitambulisho chake, akakinyanyua mbele ya ukuta: lake, la baba, la babu. Miaka mia tisa na ushee, mpangilio ule ule. Mpwa wangu sasa ametundika picha ya ubao wetu, na ameandika majina saba chini yake kwa mkono wake.

Narudi kwenye kosa kubwa.

Usiku wa pili nilimuuliza shangazi, tena kwa Kiswahili cha heshima: "Shangazi, tumbo lenu mlikuwa wangapi?" Akajibu: "Watatu. Baba yako, ami yako, na mimi." Nikaandika. Sikuuliza tena. Nilichora mti mzuri, nikaupaka rangi, nikaupeleka. Mafungu yakapigwa kwa maelezo niliyotoa: mke mmoja, wana wawili wa kiume, binti mmoja. Mke ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kilichobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Shamba likawa mafungu 40: bibi 5, baba 14, ami 14, shangazi 7. Kwa mikarafuu 240, bibi alipata 30, baba 84, ami 84, shangazi 42. Bibi naye ameshafariki, kwa hiyo miti yake 30 ikateremka kwa wanawe watatu: 12, 12 na 6. Hesabu ilikaa sawa bila mti kukatika, na mimi nikajiona nimemaliza kazi. Watoto wa ami wakafyeka upande wao, wakatia miche.

Miezi mitano baadaye, mwezi wa Shaabani mwaka 2022, shangazi alisoma hitima kama anavyofanya kila mwaka kabla ya Ramadhani. Ana daftari la majina ya marehemu, jalada lake limeshonwa kwa uzi, limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na mumewe marehemu. Nililiona safari ya kwanza. Nilipiga picha jalada tu, kwa sababu ndani sikuweza kusoma. Mwalimu wa chuo cha Qurani akalifungua, akaanza kuwataja, mmoja mmoja. Akamtaja babu yangu. Akataja jina la mwanamke nisiyemjua, akaendelea: binti wa babu yangu. Kisha baba, kisha ami.

Nilimtizama shangazi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaitikia amina.

Baada ya watu kuondoka nilimfuata jikoni. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu kwa utulivu ambao mpaka leo unanichoma: "Wewe uliuliza tumbo letu. Yule si wa tumbo letu. Ni wa baba."

Babu alikuwa ameoa kabla ya bibi. Akazaa binti mmoja, wakaachana na mkewe, na mtoto akalelewa kukeni. Alipokuwa mkubwa aliolewa na mvuvi, wakavuka pwani ya Kenya, Shimoni, na hawakurudi. Yaani nilikuwa na shangazi mwengine, na nilimfuta kwa neno moja nililochagua vibaya.

Nimejiuliza sana ningeuliza vipi. Sasa nauliza hivi: baba yako alioa mara ngapi, na kwa kila mke alizaa nani na nani, pamoja na waliokufa wachanga? Nauliza upande wa kuumeni, nikimaliza naanza upya kukeni, kana kwamba sijui kitu. Kwa mwanamke nauliza nani alisimama walii, yaani mwozeshaji wake, siku ya ndoa yake. Jibu hilo peke yake litakuonyesha baba alikuwa hai au hapana, na kaka au ami yupi alikuwepo. Nauliza alikaa eda nyumba ya nani. Nauliza, mama yake alipougua, nani alimnyonyesha yeye. Hili la ziwa watu hulisahau, na hakuna cheti chochote kitakachokuonyesha kuwa wawili wamenyonya ziwa moja. Akiondoka mama aliyenyonyesha na jirani aliyeshuhudia, habari imeondoka nao, na watu ambao kwa ajili ya ziwa hilo ni haramu kuoana wanaweza kuja kuposana.

Hesabu ikabidi irudiwe. Mabinti sasa ni wawili, mafungu yakawa 48: bibi 6, wana 14 kila mmoja, mabinti 7 kila mmoja. Mikarafuu ya bibi ikabaki 30, na hiyo si ya shangazi wa Shimoni kwa kuwa bibi si mama yake. Wana wakashuka kutoka 84 hadi 70. Shangazi wa Wete kutoka 42 hadi 35. Kila upande wa kiume urudishe miti 14, na shangazi 7: jumla 35, haki ya mtu ambaye hatujawahi kumwona. Shangazi alirudisha yake siku ile ile, kwa ulimi, mbele ya mashahidi. Sisi watoto wa baba tulibishana wiki mbili, tukarudisha. Watoto wa ami walikuwa wameshatia miche na kulipa vibarua. Binamu yangu mmoja aliniambia kuwa ningejua kazi yangu, yeye asingepoteza milioni moja na laki mbili. Alisema kweli, na sikuwa na la kumjibu. Tulikaa miezi kumi na minne hatusalimiani, tukazikana bila kutizamana usoni. Mimi na ndugu zangu tulichanga, tukamlipa nusu ya gharama ya miche. Haikuwa wajibu wa sheria. Lakini mti wa nasaba niliuchora mimi.

Kulikuwa na jambo jingine la kuthibitisha. Katika faraidhi, sheria ya mirathi ya Kiislamu, haitoshi kujua nani alikuwepo. Lazima ujue nani alitangulia kufa. Shangazi wa Shimoni angekufa kabla ya babu, watoto wake wasingerithi kwa babu, kwa kuwa babu ameacha wana wa kiume. Alikufa baada yake, kwa hiyo haki yake ilishathibiti na ikateremka kwa wanawe. Cheti hakuna. Tukapata mashahidi wawili waliokumbuka kuwa mwaka wa Mapinduzi, 1964, alituma salamu na kitambaa cha kanzu kwa baba yangu. Ndiyo maana nawaambia watu: usimuulize mzee alizaliwa au alikufa mwaka gani. Muulize ilikuwa kabla au baada ya nini.

Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa jingine. Kwa nini kwa miaka yote ile hakuna aliyemtaja, hata kwenye harusi? Nilimuuliza shangazi safari ya tatu, na nilimuuliza mbele ya wakwe zake. Aliinuka akaenda kuswali, na siku ile hatukuzungumza tena. Kwa hilo nilimuomba radhi peke yake, faraghani, na faraghani ndiko aliponiambia.

"Mama wa yule," alisema, "bibi yake hakuja. Aliletwa."

Kwenye daftari yule bibi ameandikwa binti Abdallah. Wengi walioletwa visiwani na majahazi hawakuwa na baba anayejulikana huku, wakaitwa wana wa Abdallah, mja wa Mungu. Si kila binti Abdallah ana historia hiyo. Wako wenye baba aliyeitwa Abdallah kwelikweli, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa jina. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, lakini mashamba ya Pemba yaliendelea kuvuta watu kwa magendo miaka mingi baadaye. Amri ya kufuta hadhi ya utumwa ilitoka Aprili 1897, zama za Sayyid Hamoud bin Muhammad, na masuria hawakuingizwa mpaka 1909. Haya nilikuwa nayasomesha darasani. Sikujua kuwa yamekaa jikoni kwetu, na kwamba kwa ajili yake mtoto wa babu yangu alitajwa mara moja tu kwa mwaka, katika dua.

Shangazi aliniomba nisiliandike kwenye mti utakaotundikwa. Nilikubali, kisha nikakaa na ile ahadi kama mfupa kooni. Mwisho tuliafikiana hivi: mti wa ukutani una majina tu, ya wote, bila maelezo ya asili ya mtu yeyote, awe sharifu au aliyeletwa. Maelezo yako kwenye daftari linalokaa nyumbani kwake, na anayetaka atakuja kulisoma akiwa amekaa mkekani na kuheshimu. Wengine wataona nimeficha. Mimi naona wafu wana haki ya kutajwa na walio hai wana haki ya kutotangazwa. Kwa sababu hiyo hiyo sitii majina ya walio hai mtandaoni, hata kwenye kundi la familia.

Nilikwenda pia Nyaraka za Taifa, Kilimani. Niliandika barua ya maombi nikaeleza ninachokitafuta. Nenda na majina matatu matatu na jina la mahali. Ukienda na jina moja utapotea. Nilichokipata kwa manufaa ni hati ya mauziano ya shamba. Sisomi Kiarabu vizuri, nikamlipa mtu elfu hamsini anisomee. Hati hizo hutaja mipaka ya pande nne na majina ya majirani, na majirani hao ndio walionipeleka kwa wajukuu zao, ambao walikuwa na habari za kwetu kuliko sisi. Usione ajabu ukimkuta mzee wako karatasi moja ni Mswahili, nyengine Mshirazi. Hata sensa za Waingereza zilibadilika: waliojiita Waswahili mwaka 1924 walikuwa wengi, na 1931 wakapungua sana huku Washirazi wakiongezeka. Watu walijibu kwa namna walivyoulizwa, kama shangazi alivyonijibu mimi. Na Salim wa karatasi moja ni Salum wa nyengine. Andika zote mbili, usijitie kusahihisha.

Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba wa pwani yake kuwa raia, na mwaka uliofuata nikavuka kwenda Shimoni. Nilichukua vitu viwili: karatasi mpya ya mirathi na nakala ya ukurasa wa daftari. Binamu yangu ni mvuvi kama baba yake, mtu wa makamo, ana pua ya baba yangu. Aliisoma karatasi ya mirathi mara moja akaiweka chini. Akasema miti yake tuichume sisi, pesa ziingie kwenye hitima na skuli za watoto wa Wete, na nusu apelekewe kila msimu ili wanawe wajue ilikotoka.

Ukurasa ule mwengine aliushika kwa muda mrefu. Akaniuliza mama yake yuko wapi. Nikamwonyesha mstari. Herufi zile hazina irabu, na wakati huo nilishajifunza kuzisoma kwa kusuasua. Akaniambia nimsomee, nikasoma jina la mama yake, binti wa babu yangu.

Akaniacha nimalize, ndipo akanisahihisha irabu moja.